Asilimia Kumi na Nane

Lori langu halingurumi.
Mwezi wa kwanza liliwatia watu wa Kimanga mashaka:
gari la magurudumu kumi, kontena la betri mgongoni,
linaingia mtaani kama paka anayejua sufuria ilipo.
Sasa wamezoea. Watoto wanaliita Bubu.
"Bubu kaja!" na mtaa mzima unajua
kuna mahali umeme umeanguka.

Jioni hii transfoma ya kona ya mashine ya kusaga
imepasuka kwa kishindo kimoja,
kisha ikanyamaza kama mtu aliyekwisha sema lake.
Mimi nilikuwa natoka Buguruni, nimegawa,
nimegawa hadi kioo kikaandika: kumi na nane.
Nne ni za kunirudisha Kipawa.
Hesabu si ngumu. Wagumu ni watu.

Wa kwanza Ngwashi, na bajaji tano nyuma yake,
bajaji za betri, taa zimefifia
kama macho ya mfungaji saa kumi na moja.
"Kaka, bosi hataki hadithi, anataka hesabu yake.
Nipe kidogo tu, nifike Mbezi na kurudi."
Wa pili katumwa na saluni ya Mashavu:
kuna bibi harusi pale, nusu ya kichwa nywele zimelala,
nusu zimegoma, na ukumbi umelipiwa hadi saa sita.
Bi Havijawa hakuomba.
Alikuja na changu mmoja kutoka kwenye friza lake,
akanishika kidole, akakibonyeza ubavuni mwa samaki.
"Bado mgumu. Baada ya saa mbili usiniulize."
Na mtoto, simu ya batani kiganjani,
akataka kujua kama Bubu ana tundu dogo.

Nikavuta waya, mzito kama chatu aliyeshiba,
nikauburuta kwanza zahanati,
kwa kuwa muuguzi Subilaga hakuja kupanga foleni.
Alisimama ndani na tochi,
mwanga ameuelekeza kwenye kipimajoto cha jokofu la chanjo.
"Saba," akasema. "Ikipita nane, natupa zote."
Sibishani na mtu anayesema kwa namba.

Sita kwa zahanati. Tatu kwa friza.
Nne wakagawana wa bajaji, wakitukanana kirafiki.
Moja saluni, na humo ndani
pakapigwa vigelegele ambavyo sikupigiwa
hata siku ya ndoa yangu.
Simu ya mtoto sikuiandika popote.

Zamani giza likiingia hapa
kila duka lilikohoa jenereta lake,
ukanunua mkate unaonuka petroli.
Leo nilisikia kijiko kikikoroga chai
nyumba ya tatu kutoka barabarani.
Nilisikia pia sauti ya mwanamume nisiyemwona:
"Na wewe nani kakupa kazi ya kuchagua?"

Sikumjibu. Swali hilo nimelibeba hadi Kipawa,
na nadhani lilikula asilimia yake,
maana niliingia getini na mbili tu.
Malori mawili yalikuwa mbele yangu yananyonya.
Nikasubiri zamu, mimi ninayesubiriwa.

Saa saba usiku nafungua mlango, Vingunguti.
Giza.
Luku inalia pii, pii, ukutani,
sufuri nukta sufuri sufuri.
Siwatu yuko kwenye mkeka, hajageuka.
"Yuniti zimeisha tangu saa tatu. Nimekupigia."
Simu nilikuwa nimeizima
ili nisimalize chaji.
Alianza kucheka yeye, mabega kwanza,
nami nikakaa kizingitini kuvua viatu.
"Bubu amekula?"
"Anakula."
"Basi na wewe kula. Wali uko mezani,
papasa."