Upo?

Kila sekunde huulizana,
waya mfupi katikati:
Upo? Nipo.
Upo? Nipo.

Seva ya juu inahudumu. Ya chini iko macho,
ina anwani hiyohiyo mfukoni,
haijaitwa.

Ofisi ya ushirika, Tandahimba, msimu wa korosho.
Bwana Chilumba anasoma bei za mnada,
miwani imemshuka puani.
Sikumwambia kitu. Nilishika plagi ya ile ya juu
nikaing'oa.

Upo?
Upo?
Upo?

Kimya cha kwanza huenda ni kikohozi,
cha pili ni usingizi,
cha tatu ndicho nilichokitungia sheria:
ya chini ikachomoa anwani,
ikaitika kwa jina la mwenzake.
Ghala lake tupu. Kila ukurasa ikauagiza upya kutoka Dar.

"Mtandao mzito leo," akasema Chilumba,
akaendelea kusoma.
Hiyo ndiyo sifa yangu yote.

Jioni nikairudisha plagi. Ya juu ikaamka
na ukali wa mwenye nyumba,
inataka kiti chake.
Nilishaiandikia mstari mmoja tangu jana usiku:
ukirudi ukakuta mtu kazini,
kaa.
Uliza tu kama yupo.