Hamsini kwa Mia

Dalali Ndirangu alitembea mbele, soksi zimejaa mbigiri:
"Kutoka kigingi hiki hadi kile, hamsini kwa mia.
Udongo wa Ruai, mzee wangu!
Ukidondosha mbegu, ujue kukimbia."
Nami, niliyepasua mawe miaka ishirini na sita
katika timbo la Njiru,
nikasahau kuuliza nyasi zile zinaficha nini.

Pigo la kwanza la jembe lilisema ngwe.
La pili, ngwe.
La tatu, mpini ukakatika.
Nikacheka peke yangu, kicheko cha mtu
aliyehama usiku kumkwepa mdai wake
akamkuta sebuleni mwa nyumba mpya, viatu kavua.

Mawe nayajua. Nayajua kama kinyozi ajuavyo vichwa:
lipi lina mshipa, lipi litafunguka kwa pigo moja,
lipi litakula patasi zako hadi jua lizame.
Kuna nyumba Umoja, kuna nyumba Komarock,
kuta zake zina alama za nyundo yangu,
na sijanywa chai ndani ya hata moja.
Lakini mchicha? Mchicha nilijua bei yake tu.

Nthenya alikuja Jumamosi, leso kiunoni.
Hakusema pole.
Alichuchumaa, akachota vumbi lililojibana
kati ya mawe mawili,
akalinusa, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akatema.
"Upo," akasema. "Mchache, lakini upo."
Kama mtu aliyesikia mtoto akipumua chini ya kifusi.

Mimi nilitaka kuyatupa.
Nilishapatana na kijana wa mkokoteni,
mia tatu kila safari, hadi korongoni.
"Yatupe," Nthenya akasema,
"halafu mvua ikipita
ukauulize mto Athi udongo wako umefika wapi."
Kwao Mbooni, mama yake alishona ubavu wa mlima kwa mawe,
mstari juu ya mstari,
na mimba ya Nthenya mwenyewe tumboni.

Basi tukayapanga.
Makubwa chini, madogo juu, kokoto kwenye nyufa.
Mkono wangu uliozoea kupiga
ukajifunza kusukuma, kuegemeza, kungoja
jiwe litafute lenyewe makalio yake.
Mtaimbo wetu, karai letu,
sululu ya kuazima kwa Makokha wa ng'ambo ya barabara,
aliyeleta pia mbolea ya kuku, magunia mawili,
na ushauri, magunia kumi.

Mvua ya Aprili ilikuja usiku kwa hasira.
Nilitoka na tochi.
Maji yalishuka mekundu, yakaufikia ukuta wa kwanza,
yakasimama
kama mgeni anayesoma jina mlangoni,
kisha yakaketi.
Nikarudi kitandani na miguu yenye matope. Nthenya hakugomba.

Tulipanda sukuma, managu, kunde za kutambaa,
na dania ukingoni, kwa ajili ya harufu tu.
Nyanya zilikauka zikiwa na maua.
Sijui kwa nini, na sitajifanya najua.
Mbuzi wa mtu, hadi leo hajatajwa, alikula safu nzima ya kunde.
Managu yalijiotea hata pale ambapo hatukuyapanda,
juu ya ukuta, kwenye ufa
ambao ningeapa mahakamani hauna kitu.

Jana tulikula sukuma ya kwanza.
Sufuria ilikaa juu ya mafiga, nayo pia ni ya humu humu.
Nikatafuna, kitu kikagonga jino.
Punje ya kokoto, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti.
Nthenya akaacha kumega ugali, akanitazama.
Nikaitoa, nikaigeuza kwenye mwanga wa taa,
mazoea tu, kuutafuta mshipa,
nikaiweka ukingoni mwa sahani

na nikaomba niongezewe.