Usiniambie Aliyebisha

Jarida lilikuwa moja, nasi tulikuwa watano.
Lililala juu ya mizani katika duka la mikate la Tsiala, mjini Zugdidi,
kama bakuli la mboga kwenye nyumba yenye wageni:
ule, lakini umwachie mwenzako.

Hadithi yenyewe ni kurasa kumi na tisa.
Mfinyanzi anafinyanga mlango wa udongo,
mlango mtupu, usio na nyumba wala ukuta,
anausimamisha shambani ukauke.
Usiku, kutoka upande usio na upande,
mtu anabisha.
Haya nayasema kwa kuwa yapo ukurasa wa kwanza.
Zaidi ya hapo sina ulimi.

Lamara wa duka la dawa ndiye aliyemaliza kwanza.
Alikuja asubuhi, macho mekundu, akanunua mikate mitatu,
na yeye anaishi peke yake.
"Vipi?"
"Angalieni bawaba," akasema. "Sisemi zaidi. Bawaba."
Wiki nzima tukachungulia bawaba za mji mzima.

Nugzar, dereva wa basi la Poti, hajui kunong'ona.
Alipofika ukurasa wa kumi na nne
Tsiala alimsokomeza mkate wa moto mdomoni
asije akamwaga mtama penye kuku wengi.
Alitafuna huku machozi yanamtoka,
sijui ya moto, sijui ya hadithi,
kisha akachora kitu kwenye unga uliotapakaa mezani,
akakifuta haraka kwa kiwiko.
Nilidhani ni ndege.
Sasa najua si ndege.

Tukajifunza lugha nyingine kabisa:
"yule," "kile," "pale wanapofika pale,"
nyusi, mabega, chai iliyokorogwa mpaka ikapoa.
Ungetusikia ungedhani tunapanga wizi.

Aliyebaki ni Otari, mbanguaji wa jozi,
zile kokwa zilizokunjamana kama ubongo;
maganda yake mabichi yalimwachia vidoleni weusi
usiotoka kwa sabuni wala kwa limau.
Vali ya moyo wake ilikuwa mbovu.
Daktari wa Tbilisi alitaka apigwe kisu Alhamisi.
Jumanne akaja, akaketi juu ya gunia la unga:
"Haya, niambieni. Nani aliyebisha?
Msinizike na swali."

Mvua ikapiga bati. Tanuri likapumua.
Lamara, ambaye humwambia kila mtu ukweli wa dawa yake,
akatazama viatu.
Nugzar, huyo huyo Nugzar, akajiziba mdomo kwa kofia.
Tsiala ndiye aliyejibu, mikono imezama kwenye unga:
"Hatukwambii. Ukitaka kujua, rudi."
"Roho mbaya! Hata mnyongaji humpa mtu sigara!"
"Rudi."
Akaondoka na mkate bila kulipa.

Alirudi baada ya wiki sita, mwembamba kama ufito,
mshono umempanda kifuani kama zipu.
Tukafunga duka asome.
Alisoma polepole, midomo ikicheza.
Mwishoni akajipiga paja: "Kumbe!"
Hapo tukaachia kelele zote tulizozifungia tangu Septemba,
Nugzar akilia waziwazi, Lamara akipinga,
kila mtu akidai yeye ndiye aliyeelewa mapema.

Nilibaki peke yangu kufagia.
Nilipoliokota jarida, likajifunua ukurasa wa kumi na tisa.
Chini kabisa, pembeni, palikuwa na alama ya gumba,
nyeusi ya maganda ya jozi, kavu, ya siku nyingi.
Na vidole vya Otari, tangu hospitali,
vilikuwa vyeupe kama vya mwokaji.

Sikumwambia mtu.
Nililifunga jarida taratibu,
kama afungaye mlango usiku
asiyetaka bawaba ilie.