Kimeganda

Saa tisa usiku, Maracaibo, mwezi wa nane,
na barafu imeota kwenye bomba la shaba,
nyeupe, nene, kama imetumwa na nchi nyingine.
Nje joto halijalala. Uegemee ukuta
utakurudishia jua la jana lote.
Ndani tumo sita, chumba kimoja,
magodoro bega kwa bega,
maana kiyoyozi ni kimoja
na mishahara yetu tunaijua.

Nerio ndiye aliyesikia kwanza.
Hakusikia mlio; alisikia upepo ukipungua
kama maneno ya mtu aliyeshikwa na uongo.
Akabonyeza rimoti: kumi na sita.
Akabonyeza tena, na tena,
kana kwamba chini ya kumi na sita
kuna ngazi nyingine tuliyofichwa.

Kaka yangu Eudomar akainuka na bisibisi.
Mwaka juzi alitoboa cha mama mkwe wake,
gesi ikatoka, fyuuu,
na pesa ya Krismasi ikaifuata.
Nikamshika mkono. Weka chini.
Barafu haigombezwi.

Nani alisafisha chujio mara ya mwisho?
Swali nililiuliza giza. Giza likakohoa.
Nikapanda kiti, nikafungua kifuniko,
na humo mlikuwa na blanketi:
nywele za Yusmelis, zile ndefu kabla hajazikata,
manyoya ya paka aliyetufia Februari,
unga wa mahindi, nyuzi za shuka,
sigara ambazo Nerio aliapa ameziacha.
Masikini. Kiliomba hewa,
nasi tukakilisha sisi wenyewe.

Basi dawa yake ni hii, na si tamu:
zima.
Zima ubaridi, acha feni peke yake ihangaike,
na lile joto tulilolifungia nje miaka yote
lifunguliwe mlango, liingie, lifanye kazi.
Nerio alinitazama
kama niliyemwambia auze figo.
Usiku huu?
Usiku huu.

Tukangoja.
Tone. Kimya. Tone mbili zikigombania ndoo.
Leandro, miaka saba, alihesabu mpaka mia na nne
akapotea, akaanza upya kwa ukali wa mhasibu.
Jasho lilitushuka mgongoni kwa foleni.
Kisha kipande kikaachia, kikaanguka, kikapasuka sakafuni,
na mtoto akakidaka kinachoteleza
akamwekea bibi yake shingoni.

Mama Hermelinda hakupiga kelele.
"Barafu ya utotoni mwangu," alisema, macho amefumba,
"ilikuja juu ya punda, imefungwa magunia
na unga wa mbao, na ikifika nusu yake ni maji.
Leo inaota yenyewe ukutani,
nanyi mnalia."
Akageukia upande wa pili. Maji yakamfuata.

Sasa chujio nilioshe na nini?
Zamu ya mtaa wetu kupata maji ni Alhamisi,
na leo ni Jumanne, au imekuwa Jumatano.
Nikaitazama ndoo.
Imejaa, baridi, safi kuliko tunayonunua.
Nikaliosha humo humo,
kwa machozi yake mwenyewe nikamtoa mgonjwa vumbi,
na yaliyobaki, meusi,
nikamwagia mche wa pilipili barazani.

Kulipopambazuka bomba lilikuwa limevuliwa.
Shaba tupu, inang'aa, inaona aibu kidogo.
Nikawasha. Kikakohoa mara moja, kikavuta pumzi,
upepo ukanyooka mpaka kwenye nyayo za Eudomar,
ambaye tayari alikuwa anakoroma.
Ishirini na nne, nikasema. Si kumi na sita.
Ishirini na nne, Nerio, kila usiku,
na Jumamosi ni yako na chujio.
Akaitikia, mpole kama aliyeokoka.

Sasa tumelala. Karibu tumelala.
Chini ya shuka nausikia mkono wake
ukitambaa, polepole, ukipapasa godoro,
unaitafuta rimoti.

Nimeilalia.