Mpini wa Kushoto

Songoro ametandika turubai pembeni mwa soko la Mwanga,
juu yake rili nne, kila moja na hadithi yake ya kuuzia.
Hii imetoka Bujumbura. Hii aliiacha Mzungu wa utafiti.
Hii nyekundu, fundi, ina beringi kumi na moja!

Mimi ni fundi baiskeli.
Beringi sizihesabu, nazisikiliza.

Nyekundu naizungusha, naiweka sikioni.
Inalia kwa mbali, kama ekseli iliyoonja maji
ikanyamaza kwa aibu. Nairudisha.
"Domitila, hata bei hujauliza!"
Sijauliza.

Ya pili ni plastiki inayojifanya chuma.
Ya nne haina skrubu za ubavuni, tuiache.
Ya tatu ina mbio: zungusha mpini mara moja,
bobini inazunguka mara saba na chenji.
Kwa kuhe wa mwambani pengine ingefaa.
Ila baba hamtaki kuhe.
Anamtaka sangala, yule wa kina, mdomo kama ndoo,
asiyekimbia, anayekaa chini na kukataa.
Na anayekataa humshindi kwa mbio.
Muulize yeyote aliyepandisha madumu mawili ya mawese
kwa baiskeli kutoka Kibirizi hadi hapa:
gia ya tambarare itakushusha ukokote.
Ile nzito wa mwendo ndiyo inayopanda,
magoti yakilalamika,
mnyororo hauruki.

Miaka ishirini baba alivuta mshipi kwa mkono mtupu.
Usiku mmoja, mbele ya Katonga, akauviringisha kiganjani,
kosa la mtu mwenye usingizi,
na sangala akageuka.
Kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia,
vilibaki ziwani.
Tangu siku hiyo mama hali sangala.
Anasema hajui ni yupi.

"Ipo ya mpini kushoto?"
Songoro anacheka. Dunia nzima inazungusha kulia, fundi!
Lakini anainama, anachakura sandukuni,
anatoa kitu kizito, mviringo kama kopo la maziwa,
rangi imebabuka, skrubu moja si ya kwake.
Naifungua palepale kwa bisibisi ya mfukoni.
Grisi imekuwa ngumu kama ugali wa juzi,
ila meno ya gia ni shaba, manene, mazima.
Breki nainyonga kidogo kidogo,
inauma taratibu, haishtuki.

Anasema sabini. Nasema thelathini.
Anamtaja marehemu baba yake, namtaja wangu aliye hai.
Tunaangukia arobaini na tano,
na rimu ya baiskeli ya mwanawe nitainyoosha bure.

Nimeiosha kwa mafuta ya taa, nimeipaka grisi mpya.
Baba ameipokea kimya, kama anavyopokea dawa.
Jioni, uani, amefunga chubwi bila ndoana,
amerusha kuelekea migomba.
Bobini imekimbia kuliko uzi: kiota cha kunguru!
Tumefumua hadi adhana ya Magharibi.
Amerusha tena. Kiota tena,
na mbuzi wa Nyamwera amekata kamba.

Mara ya tatu mkono wa kulia umeshika fimbo
kwa vidole vilivyobaki,
na kidole gumba kimetua juu ya bobini inayozunguka,
kimeigusa tu, kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa.
Chubwi imeanguka pale alipotazama.
Kushoto, vidole vitano vizima vimeanza kurudisha uzi.

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Baba amekitazama chake kwa muda mrefu,
akakifuta kwenye suruali,
kisha ameuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi,
siku hizi betri za taa za mtumbwi
zinachajiwa kwa nani.

Jikoni, mfuniko umeanguka.
Hakuna aliyeuokota.