Saba Yenye Mkanda

Behewa limekwisha; sasa ndipo kazi inapoanza.
Lina urefu wa kiganja changu, ubavu wa plastiki
niliyoikata kwenye ndoo iliyopasuka
nikaipasha moto hadi ikanyooka.
Ribiti mia mbili na kumi na mbili, kila moja
tone la gundi kwenye ncha ya sindano.
Linang'aa. Hiyo ndiyo kasoro yake.

Kipya kinyemi, wamesema wasemao,
lakini nani hapa Tabora aliwahi kuona behewa jipya?

Mihayo wa jirani ananitazama nikichovya brashi.
"Dada Kalunde, mbona unalichafua?"
Silichafui. Nalipa umri.

Stiliwaya ya kusugulia sufuria imelala kwenye siki
siku nne, juu ya kabati, mama asiione.
Imetoa rangi ya chai iliyochacha.
Kutu haipakwi popote, Mihayo. Kutu ina njia zake.
Huanza pale maji yanapotuama:
chini ya bawaba, kwenye kizingiti cha mlango,
pembeni mwa ngazi ambako buti la fundi wa breki
lilibandua rangi kila alfajiri.
Behewa la chumvi ya Uvinza huoza kuanzia tumboni.
La saruji hulia machozi meupe, mvua ikayagandisha.
La tumbaku halina kovu, lina harufu tu,
na harufu sijajua kuipaka.

Vumbi ninalo la kweli. Nililikinga kwa kanga kuukuu
treni ya Mpanda ilipopita.
Jekundu hadi magotini, kijivu kuelekea paa,
kwa kuwa vumbi hupanda na masizi hushuka,
na yanapokutana usiweke mstari,
pitisha kidole.

Nimepitisha kidole.

Zimebaki namba.
Karakana, baba alizipaka kwa mkono
tangu siku bati la kuchapia lilipokatika
na ombi la bati jingine likaenda Dar es Salaam
lisirudi.
Saba yake ilivaa mkanda kiunoni
kama mwanafunzi aliyerithi suruali ya kaka yake.
Miaka sita sijauona mwandiko ule.
Najaribu kwa unywele mmoja wa brashi.
Saba yangu inasimama kama askari. Nafuta.
Inalegea kama mlevi. Nafuta.
Mara ya tisa nimekwangua hadi plastiki.

Jumapili nikaenda nyuma ya stesheni,
kwenye reli ambayo wenyewe huiita njia ya wafu,
nyasi zimeota kati ya magurudumu,
nyuki wamehamia kwenye boksi la ekseli.
Behewa la nne kutoka mwisho, chini ya kutu
(kutu niliyoipaka mimi! pale pale! chini ya bawaba!)
nilimkuta:
saba mbili, na mikanda yao,
na ile ya pili, jambo nisilowahi kujua,
ina tone lililomponyoka likateremka
shibiri nzima kabla ya kukauka.
Hakulifuta. Labda king'ora cha saa kumi kilikuwa kimelia.
Labda alikuwa akiniwaza mimi.
Labda aliwaza mihogo.

Niliweka kidole juu ya lile tone. Bati lilikuwa la moto
nami sikukiondoa haraka.

Shibiri, gawanya kwa themanini na saba,
unapata unene wa punje ya mchele.
Usiku, kwa taa ya simu, mama amelala,
nikaliteremsha.

Asubuhi Mihayo akaliona tone kabla ya ribiti,
kabla ya chumvi, kabla ya vumbi la Mpanda.
"Hapa rangi imekuponyoka."
Nikamwachia alichukue,
kwa mikono miwili, akaliweka juu ya rula ya shule
dirishani, akalisukuma polepole kuelekea jua,
akipiga honi kupitia pengo la meno yake.