Kufuli Tatu

Sanduku letu alilichonga Faki Mbarouk kwa mbao ya mfenesi,
akalitia kufuli tatu, zote za duka moja la Wete,
na funguo zikalala nyumba tatu:
mmoja kwa Bi Mafunda, mwenyekiti,
mmoja kwa Mize Hamad, mweka hazina,
mmoja kwa Raya, asiyekuwa na cheo
ila ulimi usiomwogopa mtu.

Mwaka wa kwanza tuliona ni usumbufu.
Usiku ule mjukuu wa Bi Mafunda aliposhikwa na degedege,
mwenyekiti alizunguka Kiuyu yote na tochi ya simu
kutafuta funguo mbili zisizokuwa zake.
Asubuhi mtoto keshapoa, yeye hajapoa:
"Kumbe hamniamini?"

Nasi tulimwamini. Hapo ndipo tulipokwama.

Shaame wa Mize, yuko kidato cha nne,
ndiye aliyetusomea Marekani kitabuni, sisi tunachambua karafuu.
Kwamba wao pia walichoshwa na mfalme
wakaogopa kumzaa mwengine.
Wakaupasua uwezo mapande matatu:
wa kutunga sheria huku, wa kuzitekeleza kule,
wa kuhukumu peke yake,
na kila jimbo likabaki na jiko lake.
Baraza likipitisha, rais aweza kukataa;
rais akikataa, theluthi mbili zaweza kumkatalia kukataa kwake.

"Ehee," akasema Raya, "funguo."
Akacheka mpaka ungo ukapinduka.
"Kufuli si ya mwizi. Mwizi hubeba sanduku zima.
Kufuli ni ya mtu mwema, siku aliyochoka."

Bi Mafunda hakujibu, lakini alisogea karibu na taa.

Shaame akaendelea, wala hakupandisha sauti:
kwamba kitabu kile kinaanza na Sisi Watu,
na ndani yake, penye kuhesabu watu,
watumwa watano walihesabiwa watatu.
Mikono ikasita juu ya makonyo.
Kisiwa hiki hakihitaji kufasiriwa neno hilo.
Yapo majina ya mababu hapa
hayaendi mbele zaidi ya shamba la bwana.
Bi Riziki akauliza tu, "Na hao watano, nani aliwauliza?"
Hakuna. Baadaye walirekebisha.
"Baadaye lini?"
Miaka thamanini hivi. Na vita katikati.

Hatukujua pa kutazama, tukamtazama Chausiku.
Alikuja na msimu kutoka Bara, kuchuma, akabaki.
Kila Alkhamisi huweka elfu mbili zake kama sisi,
na ibara ya saba ya katiba yetu, hati ya mkono wangu, inasema:
mgeni ataweka, mgeni hatapiga kura.

Hoja aliitoa Bi Mafunda. Sikuitarajia kwake.
Wenye kura tuko ishirini na mmoja;
kubadili ibara, kumi na wanne.
Chausiku akatoka nje, ndiyo kanuni,
tukamsikia anageuza jamvini
karafuu zilizokwisha kauka tangu juzi.

Nikahesabu mikono. Nikahesabu tena.
Kumi na tatu.
Nikaandika: haikupita,
nikaacha chini mistari minne mitupu, ya mwakani.

Mize hunambia, we katibu, ulihesabu sawasawa?
Nilihesabu sawasawa.
Mkono wa kumi na nne ulikuwa umeshika kalamu.